Pima Mota Kwanza: Jenereta ya Akiba kwa Nyumba ya Kijijini

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Njombe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, kina mama na vijana mliofika. Wazee wetu, shikamooni.

Katibu alikusanya maswali yenu mapema, na lililojirudia kuliko yote ni hili: "Ninunue jenereta ya kilowati ngapi?" Jibu letu sisi mafundi halitawafurahisha wenye maduka. Nunua ndogo kuliko ile unayoiwazia, ila isishindwe kuamsha mota yako kubwa. Karibu yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Nianze na wale ambao hawahitaji jenereta kabisa, maana humu ndani wapo. Kama umeme ukikatika unachokikosa ni taa tano za wati 9, runinga ndogo na king'amuzi chake, na chaji ya simu nne, huo mzigo wote ni kama wati 150. Kwa saa nne za jioni unatumia kama wati-saa 600. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280. Ifungie inveta ndogo, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ichajiwe na umeme huo huo wa TANESCO ukiwepo, au na paneli ya sola. Haina moshi, haina kelele, wala haiongezi safari ya kwenda kituo cha mafuta. Mwenye mahitaji hayo anaweza kusikiliza kwa raha tu, hela yake isitoke mfukoni.

Jenereta inaanza kuwa na maana pale penye mota: friji, friza la maziwa, pampu ya kisima. Na mota ndiyo inayowadanganya watu. Mtu anasoma kwenye kibandiko cha friji "wati 150", anajumlisha na taa, anaona kajenereta kale kadogo ka wati 650 kanamtosha. Anakaleta nyumbani, taa zinawaka vizuri, friji likijaribu kuwaka taa zinafifia, injini inakohoa, na friji linanguruma bila kuzunguka. Sababu ni kwamba mota iliyosimama haina kitu ndani yake cha kuupinga umeme unaoingia. Ikishazunguka ndipo inaupunguza yenyewe. Kwa hiyo katika ile nusu sekunde ya mwanzo inavuta ampea mara tatu hadi saba ya kiwango chake cha kawaida. Kwa hesabu ya haraka chukua wati zake za kawaida uzidishe kwa tatu, na kwa friji la zamani uzidishe hata kwa tano. Jenereta isipoweza kutoa nguvu hiyo, volti zinashuka, mota inashindwa kuanza, na umeme unaoendelea kuingia unageuka joto tupu. Koili, yaani nyaya zilizosukwa ndani ya mota, zinaungua hapo hapo, huku mwenye nyumba akidhani friji lilikuwa bovu.

Friji lina jambo lake jingine. Likizimika halafu umeme ukarudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza huku shinikizo la gesi bado liko upande mmoja, na hapo inahitaji nguvu zaidi ya kawaida. Toa plagi, subiri dakika tano, ndipo urudishe.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba moja ya mfugaji. Taa nane za LED, wati 72. Runinga na king'amuzi, 70. Simu nne, 40. Friji 150, friza 200. Hadi hapo ni wati 532. Halafu kuna pampu ya kisima ya hospawa moja. Hospawa moja ni wati 746 za kazi, lakini mota haigeuzi umeme wote kuwa kazi. Inayovuta kwenye waya ni karibu wati 1,100, na kuanza kwake hugusa 3,300. Mambo yote yakiwa yamewaka, kisha pampu ikaanza, unahitaji wati 3,832 kwa dakika hiyo.

Mtu wa Dar es Salaam angeishia hapo, akanunue ya kilowati nne. Sisi tuko juu, na hili wauzaji wengi hawalisemi. Injini inachoma petroli kwa hewa, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Kilowati zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida ya kabureta hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000. Piga hesabu: ni asilimia 23, karibu robo nzima ya nguvu uliyolipia. Jenereta ya kilowati 5 hapa inakupa 3.85. Yule mfugaji wetu wa wati 3,832 anatoshelezwa na mashine ya kilowati 5 kwa tundu la sindano. Wenzetu wa kule Kitulo, ambako nyanda zinapita mita 2,500, wanapoteza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tununue ya kilowati 6 tumalize? Hapana. Angalieni mzigo wa kila siku: pampu inafanya kazi nusu saa, na saa nyingine zote unatumia zile wati 532, tena friji na friza huwaka na kuzima vyenyewe. Injini ya cc 390 inayobeba mzigo mdogo kama huo bado inakunywa kama lita moja na nusu ya petroli kwa saa. Injini ya cc 200 kwa mzigo ule ule inatumia nusu hadi robo tatu ya lita. Bei ya dukani unailipa mara moja, ya kituo cha mafuta unailipa kila umeme ukikatika.

Dawa iko kwenye pampu. Badilisha hiyo ya hospawa moja uweke ya nusu hospawa, kama kina cha kisima kinaruhusu, halafu inua simtank ya lita 1,000 juu ya mnara wa mita tatu. Maji yajae umeme ukiwepo. Siku umeme ukikatika maji yanashuka yenyewe, na pampu huenda usiiwashe kabisa. Ukilazimika, pampu ya nusu hospawa inavuta karibu wati 600 na kuanza kwa 1,800. Iwashe peke yake kwanza, ikishachanganya ndipo urudishe friji, kisha friza, kimoja baada ya kingine. Kwa utaratibu huo jenereta ya kilowati 2.5, ambayo Njombe inabaki na 1.9 na ushee, inabeba nyumba yote: wati 1,132 vitu vyote vikiwa vinazunguka, sawa na asilimia 59 ya uwezo wake. Hapo ndipo injini inapopenda kukaa, kati ya nusu na robo tatu. Ule mwanzo wa 1,800 unaingia kwa shida kidogo, lakini unaingia. Asiyetaka shida hiyo achukue ya kilowati 2.8 au 3.

Mashine ya kukatia majani msiiweke kwenye hesabu hii. Yenye mota ya hospawa tatu inavuta karibu wati 2,800 na kuanza kwake kunapita 8,000. Ni bora ununue mashine iliyofungwa injini yake ya petroli kuliko kununua jenereta kubwa ya kuilisha hiyo moja. Pasi na birika la umeme navyo vikae kando. Birika la wati 2,000 linakula jenereta nzima wakati mkaa upo.

Tuje dukani. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa mashine, 3800 au 6500, mara nyingi ni jina la modeli tu, haina uhusiano na wati. Usiisome. Tafuta kibandiko cha chuma au karatasi chenye namba mbili: nguvu ya kudumu na nguvu ya juu kabisa. Unayonunua ni ile ya kudumu; ya juu inavumilika kwa sekunde au dakika chache. Ikiandikwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati unazoweza kuzitegemea kwenye mota. Kisha angalia ukubwa wa injini, maana huo ni mgumu kuufanyia ujanja. Injini ya cc 200 hadi 212 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika haiwezi kukupa umeme wa kudumu zaidi ya kilowati 2.5 hadi 2.8 au karibu na hapo. Ukiona injini hiyo imebandikwa kilowati 5, ondoka. Ya kilowati 5 halali inakuja na injini ya cc 389 hadi 420.

Uzito nao unasema kweli. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Mashine mbili za cc 200 zenye tangi na fremu zinazofanana, moja ikiwa nyepesi kwa kilo nyingi, ulizia koili zake. Alumini si haramu, lakini inapata joto haraka na kuisuka upya kuna usumbufu, kwa hiyo isiuzwe kwa bei ya shaba.

Mitumba kutoka Japani inaingia sana, na injini zake mara nyingi ni nzuri. Tatizo ni umeme wake: Japani wanatumia volti 100, na upande wa magharibi wa nchi yao ni hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Huku tunatumia volti 230 na hezi 50. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukichomeka friji lako kwenye volti 100, mota haitaanza, itaungua. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Petroli au dizeli? Kwa akiba ya nyumbani, inayowaka saa chache kwa wiki, petroli inatosha. Dizeli ndogo inayopozwa kwa hewa ni nzito, ina kelele, na haipendi mzigo mwepesi: ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30, mafuta hayaungui vizuri, masizi na mafuta mabichi vinajaa kwenye bomba la moshi. Dizeli inunuliwe na mwenye kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la kupozea linalozunguka kutwa. Zipo pia zinazotumia gesi ya kupikia pamoja na petroli. Faida yake kubwa ni kwamba gesi haiharibiki ikikaa, ila nguvu inashuka kama asilimia 10 zaidi, na kwa baridi ya huku mwezi wa Juni na Julai mtungi mdogo wa kilo 6 unashindwa kutoa gesi ya kutosha.

Vile vidogo vya wati 650, injini ya cc 63, ni vya mipigo miwili: havina oili chini, oili inachanganywa na petroli, moja kwa hamsini. Lita tano za petroli, mililita 100 za oili ya mipigo miwili. Ukisahau, pistoni inakwama. Kwa taa na runinga vinafaa, kwa friji tumeshasema.

Usilipe kabla ya kujaribu. Nenda na pasi mbili za wati 1,000 na fundi mwenye mita inayosoma hezi. Bila mzigo mashine isome volti 230 hadi 240 na hezi kama 52. Chomeka pasi ya kwanza, kisha ya pili kama uwezo wake unaruhusu. Volti zisishuke chini ya 220, hezi zisishuke chini ya 49, na injini ikipokea mzigo ijikusanye ndani ya sekunde moja au mbili. Dakika kumi zinatosha, maana injini mpya haitakiwi kukamuliwa. Halafu nenda duka la vipuri la mjini, uliza kabureta, AVR (kidhibiti cha volti) na kamba ya kuvutia ya injini hiyo. Wakikuambia mpaka waagize, fikiria upya. Injini za cc 196 na 212 za umbo lililozoeleka zina vipuri kila mahali, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzichagua hata kama jina lake halijulikani.

Na kwa kuwa tuko juu, mwambie fundi aangalie kabureta. Hewa ikiwa nyepesi na petroli ikiingia kwa kipimo cha pwani, mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mweusi, plagi ya injini yenye masizi makavu, na mafuta yanakwisha upesi. Anaweka jeti kuu, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ndogo zaidi, hatua moja au mbili. Nguvu iliyopotea hairudi yote, lakini mashine inatulia. Ukija kuiuza kwa mtu wa Kyela au Ifakara, jeti ya zamani irudishwe, la sivyo huko chini itaungua kwa joto kwa kukosa petroli ya kutosha.

Ndugu zangu, hapa naomba usikivu zaidi. Kuna waya unauzwa au unatengenezwa mtaani wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Upande mmoja jenereta, upande wa pili soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Waya huo unaua. Mtu akiuchomoa upande mmoja, vile vyuma vya plagi vilivyo wazi mkononi mwake vina volti 230. Na kama umesahau kuzima meni swichi, umeme wako unatoka nje kupitia nguzo hadi kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha kilovolti 33 kuja kwetu inafanya kazi kinyume pia: ukiiingizia volti 230 huku chini, inazipandisha kule juu. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anakutana na maelfu ya volti kutoka jikoni kwako. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, unakutana na wa jenereta yako huku mawimbi yao hayaendi pamoja, na jenereta ndiyo inayoungua.

Njia sahihi ni chenjiova, swichi ya nafasi tatu: gridi, sifuri, jenereta. Iwe ya kukata waya zote mbili, laivu na nyutro, kwa ampea 63 kwa nyumba za njia moja. Inakaa baada ya LUKU na kabla ya meni swichi. Haiwezekani kuwa kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Waya kutoka jenereta hadi hapo, kama ni mita 20 na mashine ya kilowati 2.5 hadi 3, uwe wa shaba wa milimita 4 za mraba, wa 2.5 utafanya kazi, ila huo wa 4 unakuachia nafasi.

Kisha arthi. Pigilia nondo ya shaba ya angalau mita 1.2 kwenye udongo wenye unyevu karibu na jenereta, uifunge kwenye skrubu ya arthi ya fremu. Lakini nondo peke yake haimalizi. Jenereta nyingi za kubeba nyutro yake haijaunganishwa na fremu, na ikiwa hivyo, breka yako ya kuzuia shoti ya mtu haiwezi kuona umeme unaovuja, kwa hiyo haitakata. Fundi wako aunganishe nyutro na arthi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, halafu abonyeze kile kitufe cha majaribio cha breka huku jenereta ikiwaka. Isipokata, kazi haijaisha; ikikata, imethibitisha breka tu, si ule muungano wa nyutro na arthi.

Moshi nao. Jenereta inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haiwashwi barazani, stoo, jikoni, wala kwenye banda la kuku lililoungana na nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Angalau mita sita kutoka mlango na dirisha lolote, bomba likielekea mbali na nyumba. Kwa mvua jenga kibanda cha bati juu na nguzo nne; ukitaka ukuta kwa ajili ya wezi, weka wavu wa chuma na mnyororo, usizibe kwa matofali. Injini iliyozibwa inavuta hewa yake ya moto yenyewe na kufa mapema. Mtu akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu wakati jenereta inawaka, watu wote watoke nje kwanza, kuzima baadaye.

Si lazima iwake usiku kucha. Friza lililojaa na lisilofunguliwa linahifadhi ubaridi kwa kama saa 48, friji kwa saa nne. Kuiwasha kwa muda wa saa mbili jioni na saa mbili alfajiri kunatosha maziwa yaliyo kwenye friza.

Matunzo ni machache. Injini ya cc 200 inachukua oili lita 0.6; kwa baridi yetu tumieni 10W-30. Ya kwanza mwageni baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa kila saa 50, na wakati wa kiangazi cha vumbi mapema zaidi. Plagi ya injini iwe na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Mashine ikae sehemu tambarare, kwani kihisi cha oili kikiinama kinaizima bila sababu. Ikikaa zaidi ya mwezi bila kazi, funga koki ya mafuta uiache inywe petroli yote ya kabureta hadi izime, vinginevyo petroli inageuka gundi na kuziba jeti. Kila mwezi iwasheni robo saa ikiwa na mzigo. Kuongeza mafuta ni mashine ikiwa imezimwa na imepoa kwa dakika 15.

La mwisho ni kosa linaloonekana dogo. Usiache jenereta iishiwe petroli huku ikiwa na mzigo. Inapokata pumzi, volti zinapanda na kushuka, vyombo vinaumia, na ile sumaku ndogo inayobaki ndani ya rota, sehemu ya jenereta inayozunguka, inaweza kufifia. Kesho yake injini inanguruma vizuri kabisa ila soketi hazina umeme, na watu wanaitupa wakidhani koili zimeungua. Fundi anairudisha sumaku hiyo kwa betri ya volti 12 kwa sekunde chache, baada ya kuchomoa AVR. Msijaribu wenyewe. Zoeeni kutoa mzigo kwanza, kuiacha izunguke dakika mbili tatu ipoe, ndipo kuizima.

Mwenyekiti, mashine ya cc 212 iko pale nje pamoja na pasi mbili na mita. Wanaotaka kusoma volti kwa macho yao wanifuate, na maswali tuyajibu huko huko.